Binti Aliyehesabiwa Nyumba Mbili

Kabla sijajua kuhesabu nilikuwa nimeshahesabiwa mara mbili. Siku ya kuhesabu vichwa kule makazini kwa wakimbizi, mama alinipangusa uso kwa pindo la kitenge, nikahesabiwa nyumbani kama mtoto wa nne. Halafu akanipitisha nyuma ya migomba hadi kwa jirani, nikahesabiwa tena kama mtoto wa pili. Karani alikuwa mmoja, kalamu moja, na jua lilikuwa kali. Sidhani kama alinitazama usoni hata mara moja kati ya hizo mbili. Jirani akapata unga wa ziada, mama akapewa nusu yake, na mimi nikapata tabia ambayo sijaiacha mpaka leo: kila kitu nahesabu mara mbili. Maandazi ya semina, matofali ya nyumba yangu ya Kasokola, waombolezaji msibani. Hesabu ya kwanza ni ya adabu. Ya pili ndiyo ya kweli.

Leo mimi ni raia wa Tanzania mwenye cheti. Cheti kiko ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku la bati. Nyumba ikishika moto nitatoa sanduku kwanza, ndipo nirudi kumwangalia mume wangu. Nafanya kazi katika ofisi ndogo Mpanda mjini, na kazi yenyewe imeandikwa kwa maneno marefu: kuzisaidia familia zilizokuwa za wakimbizi zitulie zilipo, na mabinti zao wasome. Mama yangu anaieleza kwa ufupi zaidi. Akiulizwa na wageni mwanao anafanya nini, anajibu, "Analipwa kwa kuingilia nyumba za watu."

Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa nauza mitumba sokoni. Bosi wangu wa kwanza alinibembeleza nusu saa nimpunguzie bei ya sketi, akaondoka ameongeza. Kesho yake akarudi kuniajiri. Aliona kwamba mtu anayeweza kumuuzia mkulima wa tumbaku koti zito mwezi wa kumi, joto lile la Mpanda, hatashindwa kumshawishi mzee amwache binti yake aende shule. Alikosea kidogo. Koti ni rahisi zaidi.

Basi, mwaka juzi, Jumatatu moja ya mwezi wa saba, vumbi limetanda hadi kwenye chai, akaingia ofisini binti wa kule makazi yetu ya zamani, upande wa Kasekese. Miaka kumi na saba, kiatu kimoja kimeshonwa kwa uzi mweusi na kingine kwa uzi mweupe. Alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa jirani. Akaweka mezani karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shule: aripoti kabla ya Jumatatu ijayo jioni, la sivyo nafasi apewe mwingine. Alete ndoo, jembe, fagio, shuka mbili, godoro, na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Ya pili ilikuwa kipande tu, mwandiko wa afisa wa wilaya: *Ameandikwa mara mbili.*

"Nimeenda kuomba cheti," alisema. "Afisa akafungua yale majina ya uraia. Amenikuta kwa baba, mtoto wa tano. Halafu amenikuta tena ng'ambo ya barabara, kwa mzee, mtoto wa saba. Akasema mmoja wetu ni hewa. Akaniuliza yupi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hewa haipati divisheni wani, shangazi."

Nikampenda hapo hapo, ingawa sikumwonyesha. Ukimwonyesha mteja umempenda, bei imeharibika.

Sikuhitaji kuuliza ilikuwaje. Zilipokuja zile fomu kubwa za uraia, umbea ulifika makazini siku mbili kabla ya fomu zenyewe. Umbea ulisema tutahamishwa, na huko tuendako ardhi itapimwa kwa vichwa. Watu wakaanza kuazimana watoto kama wanavyoazimana ungo. Tulikuwa na uzoefu. Mzee wa ng'ambo alikuwa na wavulana sita, akaona sita haijakaa vizuri. Akavuka barabara na kuazima wa saba: huyu binti, miezi minane, bado ananyonya. Upande wa huku wa barabara uliandikwa Jumanne, wa kule Alhamisi. Mtoto aliandikwa pande zote mbili, akarudi kwa mama yake, maisha yakaendelea. Kuhama kwenyewe hatukuhama. Ardhi haikupimwa kwa vichwa wala kwa miguu. Kilichobaki ni wino.

Nilimpigia afisa. Akasema dawa ipo: yule mzee wa pili aape mbele ya wakili kwamba mtoto si wake, ili jina lifutwe kwake. Alikuwa na faili zima la viapo vya namna hiyo.

"Na wanaoapa mnawafanya nini?" niliuliza.

"Tunawashukuru."

"Hamuwafutii uraia?"

"Mama, tutafuta wangapi?"

Nikamwuliza tena kwa maneno mengine, akajibu vilevile. Hapo nikaamini.

Kesho yake nikapanda bodaboda na binti nyuma yangu, tukafika makazini tukiwa rangi moja na barabara. Baba yake mzazi alikuwa amekaa nje anamenya karanga. Mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kuomba samahani hata akisema karibu.

"Karibu dada. Mimi mambo ya shule nimekubali yote. Mahindi nimeuza, sare iko tayari, nauli iko tayari. Bado godoro tu. Mungu atatoa."

"Mungu hauzi magodoro, kaka. Inuka twende ng'ambo tukaongee na mzee."

Akaweka karanga chini. "Ng'ambo siendi."

"Ni hatua arobaini. Nimezihesabu."

"Hata zingekuwa nne."

Kisa kilikuwa pampu. Miaka minane iliyopita aliazima pampu ya baiskeli kwa mzee. Yeye anasema aliirudisha, akaiweka mkononi mwa mtoto wa tatu wa mzee. Mzee anasema mkono wa mtoto si nyumba yake, na pampu hajaiona. Tangu hapo hawasalimiani. Msibani wanakaa mabenchi tofauti. Kanisani, padri akisema tupeane amani, mmoja anainama kufunga kamba za viatu. Wanapokezana: Jumapili hii huyu, Jumapili ijayo yule. Na mzee huvaa kandambili.

Binti hakuingia kwenye vita hiyo. Tangu ajue kutembea alikuwa akivuka barabara anavyotaka, anamchotea maji mke wa mzee, anakula huko, anarudi kula tena kwao. Yule mzee, binti alimwita baba wa ng'ambo.

Nikavuka peke yangu. Mzee alikuwa anachonga mpini wa jembe, mkewe anapepeta mchele pembeni. Nikasalimia kama inavyopasa, nikaulizwa habari za mama, za mume, za ng'ombe nisio nao. Nikaeleza shida. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza vumbi la mbao.

"Kwa hiyo nimpoteze mtoto."

"Kwenye karatasi tu, mzee."

"Na mahari yake?"

Nikashusha pumzi. Sasa tulikuwa sokoni, na sokoni ni kwetu.

"Mahari ya nani? Hajaposwa."

"Ataposwa. Akimaliza hicho kidato cha sita, bei itapanda. Nusu yangu."

"Nusu! Mzee, ulimlisha?"

"Anakula hapa kila siku, muulize huyu." Mkewe hakuinua kichwa.

"Haiwezi kuwa nusu ya mahari kwa mtoto uliyemwandika Alhamisi moja."

"Basi ng'ombe mmoja mzima."

"Mbuzi."

"Mbuzi jike."

"Mzee, hebu tuheshimiane. Kitenge cha mama hapa, basi."

"Sawa, kitenge."

Tukashuka hivyo, ngazi baada ya ngazi, nami najisifu moyoni. Nilimtoa kwenye kitenge, nikamfikisha kwenye kilo ya sukari, nikamtoa kwenye sukari. Nikafika chini kabisa, asante tu. Akakubali asante.

"Basi Ijumaa twende Mpanda ukaape," nikasema.

"Siapi."

"Si tumeshakubaliana?"

"Tumekubaliana bei. Kuapa siapi."

Nikahesabu tena tangu mwanzo. Nusu, mmoja, mbuzi, kitenge, sukari, asante. Mara ya pili ndipo nikaona aibu yangu. Miaka yote ile sokoni nilikuwa najua: mtu anayeshusha bei haraka hivyo ni mtu asiyeuza. Hana cha kupoteza. Nilikuwa nimempunguzia bei ya kitu ambacho hakikuwa mezani.

Mkewe akaacha ungo. "Dada, huyu anakuchezea tu. Mweleze, wewe."

Mzee akageuza mpini, akautazama kama umeandikwa kitu. "Mimi nimekana mengi kwa karatasi zenu. Nchi niliyozaliwa nimeikana, nikaweka dole hapa na hapa. Nikasema sawa, nchi haina masikio. Mtoto anayo. Mwanamume akisema kwa mdomo wake huyu si wangu, kwetu hiyo ni laana. Mtoto hakanwi. Awe wa kuzaa, awe wa kalamu. Halafu anakwenda mbali, anapanda basi, anapita porini kule Sitalike kwenye wanyama, na mimi nimemwapia laana mbele ya wakili? Akipatwa na jambo?"

Kwenye semina zetu kuna somo la wazazi wasiotaka binti asome. Lina picha na mishale. Hakuna somo la mzee asiyetaka kumwacha binti kwa sababu anampenda na hana haki naye. Nikawaza Jumatatu jioni, nikawaza nafasi ile ikipewa mwingine, na divisheni wani ikirudi shambani kumenya karanga.

Binti alikuwa amefika na ndoo ya maji kichwani, amesimama pale pale kwenye kona ya nyumba, anasikia yote. Akaitua.

"Baba wa ng'ambo, nani kakwambia unikane? Wewe si uliniazima? Nenda kaseme uliniazima."

Mkewe akacheka kwanza, kicheko kimoja kifupi.

"*Ego*," akasema kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo. "Kuazima si kukana."

Kichwa changu kikawaka. Ukiona mlango umefunguka nusu, weka mguu.

"Na kitu cha kuazima, mzee," nikasema taratibu, "kwetu kinarudi vipi?"

Aliniangalia vibaya. Alijua. Makazini ukiazima ungo, unaurudisha na kiganja cha maharage ndani. Ukiazima sufuria, na viazi viwili. Chombo kikirudi kitupu watu wanakusema hadi wajukuu wako wanakuja kuulizwa.

"Sikumtumia!" akasema.

"Ungo usiotumika nao haurudi mtupu. Miaka kumi na sita umemweka kwenye karatasi yako, mzee. Ungekuwa ungo ungeshatoboka."

"Nyie wanawake mnataka nini hasa?"

"Godoro. Futi mbili na nusu kwa sita. Inchi nne."

"Inchi tatu."

"Nne."

"Tatu, na shuka juu yake."

"Shuka ninazo mbili," binti akasema.

"Wewe nyamaza, unauzwa hapa!"

"Sirudishwi na shuka nilizonazo, baba."

"Haya, nne! Nne!" Akatupa mpini chini. "Lakini na mimi mbona cha kwangu hakijarudi? Mtu anakula pampu yangu miaka minane, nimnunulie mtoto wake godoro?"

Binti hakusubiri. Akavuka barabara mbio. Tulisikia sauti zao, yake inapanda, ya baba yake inaomba samahani. Mke wa mzee akanimiminia uji, nikaunywa bila kuusikia.

Halafu tukamwona baba yake mwenyewe anakuja. Hatua zote arobaini. Mkononi ana pampu ya bluu, yake anayoitumia. Akaiweka miguuni kwa mzee, akasimama wima.

"Hii siyo ile," akasema. "Ile niliirudisha. Hii nakuazima."

Mzee akaitazama pampu. Akaitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka uchoke nayo."

"Na ikirudi, nikuwekee nini ndani?"

"Upepo," akasema baba yake binti. Nilikuwa sijui kwamba ni mtu wa mzaha. Labda hata yeye alikuwa amesahau.

"Kaa basi," mzee akasema. "Umesimama kama polisi."

Ijumaa tukaenda Mpanda sote wanne. Wakili alikuwa kijana mwenye tai nyekundu, ofisi yake iko juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kila sentensi anayotamka inakatwa na injini inayojaribiwa chini. Alikuwa na kiapo tayari kwenye kompyuta, mambo ya kujaza nafasi. Akasoma kwa sauti: naapa kwamba mtajwa hapo juu si binti yangu...

"Futa," mzee akasema.

"Mzee, ndivyo inavyoandikwa."

"Futa. Andika nilimwazima."

"Sheria haijui kuazima mtoto."

"Sheria imehesabu watoto wetu miaka yote hii bila kujua ni wa nani. Leo ndiyo imeanza kujua?"

Wakili akanitazama akiomba msaada. Nikasogeza kiti. Bei ya kiapo nilikuwa nimeshamlipa, na nilimkumbusha kwamba nina familia nyingine nyingi makazini zenye shida hiyo hiyo, na mawakili mjini wapo wawili. Akarudi kwenye kompyuta. Tukatafuta neno moja moja, injini zikinguruma, mpaka ikasomeka hivi: kwamba mtoto huyu, aliyezaliwa na jirani yangu, aliandikwa nyumbani kwangu kwa kuazimwa, na kwamba sasa ninamrudisha kwa wazazi wake.

"Sawa?" wakili akauliza.

"Bado. Andika na godoro."

"Mzee, tafadhali."

"Andika. Kesho watu waje waseme nilimrudisha mtupu? *Pamoja na godoro moja, inchi nne.* Weka na inchi."

Akaweka na inchi. Mzee akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu kama anapiga mhuri wa serikali. Baba mzazi akasaini kama shahidi. Mikono yao ilipogusana juu ya karatasi, hakuna aliyeinama kufunga viatu.

Afisa wa wilaya alikisoma mara mbili. Nikamheshimu kwa hilo. "Mama, hili godoro linahusu nini?"

"Linahusu sana," nikasema. "Litoe uone kama kuna mtu makazini atakayekuja kuapa tena."

Akatikisa kichwa, akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya mtoto wa saba wa nyumba ya ng'ambo. Mzee alikuwa amesimama dirishani. Aligeuzia uso nje mpaka mstari ulipoisha. Cheti cha kuzaliwa kilitoka saa tisa alasiri, wino bado mbichi, na binti akakishika kwa ncha za vidole kama chapati ya moto.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na baba wawili stendi, wote wakigombana na kondakta kuhusu godoro alilonunua mzee. Kondakta alitaka nauli ya mzigo. Mzee akamwuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Baba mzazi akamwomba samahani kondakta, kisha akalisukuma godoro juu ya basi bila kulipa. Niliwaachia, kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Ujumbe wa kwanza ulifika kabla ya saa nne: *Shangazi tumepita Sitalike viboko kumi na mmoja nimewahesabu.* Wa pili ukafika jioni, zimebaki dakika chache muda wa kuripoti uishe: *Nimepokelewa. Kitanda cha juu. Godoro limeenea.* Nikavuka barabara hadi kwa mwenye duka, nikamwomba achapishe ujumbe ule, nikautuma makazini nakala mbili, moja kila upande.

Kiapo ninacho kwenye faili. Mhasibu wetu huniuliza kila mwaka kama ile inchi nne ni kosa la kuchapa. Nasema hapana, ndivyo mzee alivyoapa.

Sijamwambia mtu mwingine, lakini pale stendi, kabla godoro halijapanda, nilichomoa futi ya fundi cherehani nikalipima. Kisha nikalipima tena upande wa pili. Ni inchi tatu na nusu.